Kola ya Madamu

Madamu alikuwa na kifaa kilichoweza kutuliza mkono wa mume wake. Alikitengeneza mwenyewe. Kilikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga juu ya kabati la chumba chao cha kulala, na kwa miaka yote ambayo mwanamume yule aliugulia upande wa pili wa uzio wangu, alikataa kumwekea.

Nikilisema jambo hilo hivyo peke yake, anaonekana mtu wa moyo mgumu. Kwa hiyo nirudi nyuma.

Tulikuwa majirani Gihosha, kwenye mteremko ambao mtu akisimama nyuma ya nyumba yake anauona mji wote hadi ziwani. Mtaa mzima ulimwita Madamu, kama walimu wa kike wanavyoitwa hapa, na hata mume wake alimwita hivyo mbele za watu. Chuoni aliwafundisha wanafunzi wa udaktari jinsi mwili unavyofanya kazi: moyo, damu, neva. Alikuwa amesoma Ulaya, kwenye maabara iliyotengeneza elektrodi za kuwekwa ndani ya mwili, na alirudi Bujumbura muda mfupi kabla ya vita akiwa na sanduku la chuma lenye waya wa platini, vipande vya mpira laini na koleo ndogo kama za sonara. Mpango wake ulikuwa kumaliza majaribio nyumbani, kisha arudi kuyaonyesha kwa waliomfundisha. Kwanza barabara zilifungwa, halafu nchi jirani zikatuwekea vikwazo na ndege zikaacha kuja. Sanduku lile halikuondoka tena.

Nieleze kifaa chenyewe jinsi alivyonieleza mimi, nisiye na elimu hiyo. Juu ya ukuta wa mshipa mkubwa wa damu hutambaa neva nyembamba sana. Kazi yake ni kuuambia mshipa ubane au ulegee. Mtu akipigwa risasi mkononi, pengine kidonda hupona vizuri kabisa lakini neva hizo hazitulii. Zinaendelea kupiga kelele, na mkono unaungua bila moto. Zamani wapasuaji walikuwa wakizikwangua. Madamu hakupenda habari ya kukwangua, kwa sababu neva iliyokwanguliwa hairudi, na yeye alitaka kila alichofanya kiweze kurudishwa kilivyokuwa. Alitaka kuzinyamazisha kwa umeme mdogo, ili siku mtu akibadili nia azime tu.

Akabuni kipande cha mpira chenye upana wa ukucha, kinachouzunguka mshipa kama kola ya shati inavyozunguka shingo, na ndani yake pete za waya wa platini. Waya ulikwenda hadi kwenye koili ndogo iliyozikwa chini ya ngozi. Nje, koili ya pili ilibandikwa kwa plasta juu ya ile ya kwanza, na kisanduku kilicholingana na pakiti ya sigara kikakaa mfukoni. Yeye alikiita kola. Nasi tukakiita hivyo.

Kutengeneza kola inayonyamazisha neva, alisema, hakukumchukua muda mrefu. Miaka yake ilikwenda kwenye kuizuia isiue mshipa. Ikibana, mshipa unaotanuka kwa kila pigo la moyo unakosa nafasi, ukuta wake unavimba na damu inaganda. Ikilegea, umeme unapotelea kwenye misuli na mkono unarukaruka. Umeme ukisukumwa upande mmoja tu, majimaji ya mwili yanageuka asidi pale pale na kuula ukuta. Kwa hiyo umeme wote ambao kisanduku kilisukuma, alikifanya kiuvute tena, kiasi kile kile, kabla ya pigo linalofuata. "Ulichoingiza, ukitoe," alikuwa akisema, na hakuwaambia wanafunzi tu. Aliwaambia pia wageni waliokuja kuazima masufuria.

Kipimo chake cha nafasi kilikuwa njiti ya kiberiti. Kati ya kola na mshipa uliotulia, njiti lazima ipite bila kusukumwa na bila kuanguka. Nimewaona wanafunzi wake wamekaa barazani kwake, watu wazima wenye makoti meupe, wakipitisha njiti kwenye vipande vya mipira, na yeye anazunguka nyuma yao kama anasimamia mtihani. Aliyeilazimisha njiti alianza upya.

Mishipa ya majaribio aliipata Buyenzi, kwa muuza nyama mmoja wa Kiislamu ambaye familia yake ilikuwa sokoni pale tangu mji ulipokuwa mdogo. Nilimsindikiza mara kadhaa. Muuza nyama alimwekea mishipa ya shingo ya ng'ombe, imefungwa kwenye jani la mgomba, na hakuchoka kumtania.

"Wenzako wanaomba ini, Madamu. We unaomba bomba."

"Bila bomba, ini lako lingekuwa jiwe."

"Mzee nyumbani anakula hii?"

"Anakula maharage. Funga vizuri, isikauke."

Nyumbani aliuunganisha ule mshipa na pampu ndogo iliyotolewa kwenye gari, ile ya kurushia maji kwenye kioo cha mbele. Akapitisha maji ya chumvi yenye joto, akavalisha kola, akakaa mbele ya mashine ya zamani yenye kioo cha kijani kilichoonyesha mapigo ya umeme kama vilima. Umeme ulipokatika alitumia betri ya lori. Betri ilipokwisha alikaa vile vile, mikono mapajani, akiitazama ile pampu iliyosimama. Sijawahi kumwona mtu anayekaa kimya kwa hasira namna ile.

Lakini usimfikirie mtu wa tahadhari kwa kila jambo. Aliendesha gari kama mwizi wa gari. Saa za kuvrefe, yaani amri ya kutotoka nje, zilipokaribia, ungelisikia gari lake likipanda mteremko kwa gia ya pili, likipita vizuizi wakati askari wanaanza kushusha miti, naye anawapungia mkono. Alivuta sigara nyuma ya choo, akijua kuliko mtu yeyote wa mtaa ule kinachofanywa na moshi kwenye mishipa. Nilipomwambia, alijibu kuwa mshipa wake yeye haukuwa jaribio. Na mtu huyu aliyeweza kumkatalia mwanafunzi kwa upana wa unywele, chakula chake hakuna aliyejua kitatoka na chumvi kiasi gani.

Hakupenda pia maneno ya kupamba. Siku moja, milio ikisikika milimani kaskazini na kusini na sisi tumekwama katikati, nilimwambia mji wetu nao umevishwa kola. Nilidhani nimesema jambo.

"Apana, jirani," alisema. "Kola nzuri inaacha nafasi ya njiti."

Hakucheka, na mimi sikurudia.

Sasa mume wake. Alikuwa mtu mkubwa, mcheshi, msimamizi wa ghala moja kule Zone Industrielle, eneo la viwanda karibu na bandari. Watu walimwita Papa Aline, kwa jina la binti yao. Jioni moja akirudi kutoka kazini risasi ambayo hakuna aliyejua imetoka wapi ilipita kwenye nyama ya mkono wake wa kushoto, juu ya kiwiko. Haikuvunja mfupa. Hospitalini walimshona, wakamwambia ana bahati, na kidonda kilifunga vizuri hata wauguzi wakakisifu. Halafu mkono ukaanza kuungua.

Nilikwenda kumpa pole, nikanyoosha mkono kumsalimia, naye kwa mazoea akanyoosha wa kulia. Kiwiko changu kikaigusa shuka iliyofunika ule wa kushoto. Shuka tu. Sauti aliyoitoa ilimleta Madamu mbio kutoka jikoni, na baada ya hapo wageni wote walikalishwa upande wa kulia.

Alichoweza kuvumilia ni maji. Alikaa sebuleni mkono wake umefunikwa taulo lililoloweshwa, ndoo iko pembeni, na kila taulo lilipopata joto alilichovya tena kwa mkono mzima. Mlango ukibamizwa, aliumia. Gazeti likikunjwa karibu yake, aliumia. Milio ya milimani, ambayo sisi wengine tulikuwa tumeizoea, kila mmoja ulipita kwenye mkono ule. Maji ya bomba yalipokatika mtaani, nyumba yao ndiyo iliyoogopa kuliko zote, na majirani tulipeana zamu ya kuleta madumu. Taulo la pili lilianikwa kwenye uzio wetu. Kwa kulitazama niliweza kujua siku yake ilikuwaje: likiwa limekauka, alipata kulala, likichuruzika, hakupata.

"Jirani," aliniambia siku moja, kwa sauti ndogo ili isitikise mkono, "hii mukono si yangu tena. Ni mupangaji. Anaunguza nyumba na mi siwezi kumufukuza."

Naye alijua kuhusu kopo la juu ya kabati. Kila mtu nyumbani alijua. Kola ilibuniwa kwa maumivu ya namna ile hasa, kwa mshipa wa mahali pale hasa. Niliwasikia wakibishana, mara nyingi, na sehemu kubwa ya ubishi wao ilikuwa ile ile. Yeye alisema hana cha kupoteza. Madamu alisema ana mkono wa kupoteza.

Nilimuuliza Madamu waziwazi kwa nini anakataa. Tulikuwa nyuma ya choo, anavuta sigara yake. Alinijibu kwa mpangilio, kama darasani. Kola imejaribiwa kwenye mishipa iliyokufa, na mshipa uliokufa hauvimbi wala haugandishi damu. Mshipa ulio hai unaweza kukaa salama miezi mingi, kisha polepole ukaanza kuziba pale kola ilipo. Ulaya angekosea, mtu angepelekwa chumba cha pili, mpasuaji wa mishipa angemfungua, angekata kipande kibovu na kushona kingine. Hapa mpasuaji wa namna hiyo hayupo, na njia ya kumpeleka mgonjwa aliko haipo.

"Huku hakuna mulango wa kutokea," alisema. "Mutu anayefanya kazi kwenye chumba kisicho na mulango, anafanya polepole."

Kwa hiyo aliweka sharti. Mbuzi aishi na kola kwenye mshipa wa shingo, inafanya kazi kila siku, mwaka mzima. Mwisho wa mwaka achinjwe kwa utaratibu, mshipa utolewe mbichi, ukatwe vipande vyembamba na kutazamwa kwa darubini ya chuo. Ukuta ukiwa mzima, ataitikia. Waya wa platini ulitosha kola nne, na sanduku jingine lisingekuja. Mbuzi wawili wa kwanza walikufa mapema, mmoja kwa usaha, mwingine kwa kuhara kusikohusiana na lolote. Wa tatu aliishi.

Alikuwa mbuzi jike mweusi mwenye sikio moja jeupe. Kila asubuhi Madamu alimfunga mkanda shingoni wenye koili na kisanduku, akamwacha ale majani uani, na jioni akamvua na kuutundika mkanda kwenye msumari wa mlango wa jikoni. Mtaa ukamwita mbuzi wa redio. Watu wakipita walichungulia juu ya uzio na kumuuliza habari. Redio yako inasema barabara iko wazi leo? Vikwazo vinatoka lini? Mbuzi alitafuna tu. Alinenepa na akazaa. Papa Aline alihamishia kiti chake dirishani ili amtazame, na nadhani hakuna mbuzi nchini aliyetazamwa kwa hamu kama yule. Akikohoa, mzee aliita. Akiruka, mzee alitabasamu.

Mwaka ulipokaribia kwisha, mama yake Papa Aline alifariki mikoani. Barabara ilikuwa imefungwa kwa mapigano na mwanawe hakuweza kwenda kumzika. Hata ingekuwa wazi, asingestahimili mtikiso wa gari. Kwa hiyo siku ya kumaliza kilio, ile ambayo ndugu na majirani hukusanyika kula na kunywa pamoja ili wafiwa warudi kwenye maisha yao, ilifanywa Gihosha, nyumbani kwa Madamu. Ilibebeshwa mzigo wa mazishi ambayo hawakuhudhuria. Kila mtu aliona kuwa lazima iende vizuri.

Msimamizi wa shughuli alikuwa mdogo wake Papa Aline, ambaye Madamu na yeye waliitana shemeji. Mtu wa bidii, wa suti ya kijivu. Alikuwa ameagiza mbuzi watatu kutoka Kanyosha. Asubuhi ile milio ilianza milimani juu ya Kanyosha, barabara ikafungwa, na mbuzi hawakuja. Madamu alikuwa chuoni akisimamia mtihani. Wageni wakaanza kufika mapema, kama watu walivyofanya miaka ile, ili wawahi kurudi kabla ya kuvrefe. Bia ilikuwepo, ndizi zilikuwepo, nyama haikuwepo. Shemeji alisimama uani, akaona aibu ya familia nzima inamjia, na mbele yake anatafuna mbuzi mnene.

Papa Aline alikuwa amekalishwa sebuleni katikati ya wazee, mgongo kwa dirisha. Hakuona.

Nilikuwepo Madamu alipoingia. Kitu cha kwanza alichotazama ni msumari wa mlango wa jikoni. Mkanda uliopaswa kuwa shingoni mwa mbuzi saa ile ulining'inia pale. Akatazama uani. Kisha akamtazama shemeji, ambaye tayari alikuwa ameanza kujieleza.

"Shemeji, mi najua ni mbuzi yako ya kazi. Kesho asubui nakununulia ingine, kubwa kushinda ile. Leo ilikuwa mbuzi ao aibu."

"Shingo iko wapi?"

"Iko mu sufuria. Yote iko mu sufuria."

Alivua koti, akachukua upawa, akapekua sufuria lile mbele ya wanawake waliokuwa wakipika. Aliupata mfupa wa shingo, na pembeni yake kola, imetulia kwenye mchuzi, imezunguka kamba ya kijivu iliyosinyaa. Aliiweka kwenye sahani, akaigeuza kwa ncha ya kisu. Mpira ulikuwa mzima, na platini ilikuwa inang'aa. Mshipa ulikuwa umeiva. Nyama iliyoiva haisemi kama ilikuwa imevimba au haikuwa. Akafunika ile sahani kwa sahani nyingine, akaosha mikono, akatoka kugawa chakula. Alikaa hadi hotuba ya mwisho na akamshukuru kila mgeni. Hakumwambia shemeji neno baya, siku ile wala baadaye, na shemeji aliniambia kuwa angependa sana aambiwe.

Wageni walipoondoka ndipo Papa Aline alipoelezwa. Madamu alisema kwa kifupi: "Wamekula ushahidi."

Mzee akacheka. Alicheka mpaka mkono ukamuumiza, akashika taulo, akacheka tena huku machozi yanamtoka, na sikujua tena ni machozi ya nini. Halafu akasema jambo ambalo naona alikuwa amelitunza muda mrefu.

"Ile mbuzi ilikula, ilitembea, ilizaa. Mpaka leo asubui ilikuwa muzima. Unataka nini ingine?"

"Nilitaka kuona ndani. Mbuzi hasemi akiumwa."

"Mi nasema," alijibu. "Mi nasema kila siku, Madamu. Na we unasikiliza mbuzi."

Madamu alichukua ndoo akaenda kuijaza, ingawa haikuwa tupu.

Kola ya nne ndiyo iliyokuwa kwenye kopo. Sikuambiwa ni lini aliishusha. Nilichoona ni mpasuaji mmoja mwenye ndevu nyeupe, aliyesoma naye zamani, akija kunywa chai kwa Madamu wiki baada ya wiki, na safari moja nikawakuta mezani na mkono wa ng'ombe mbichi, yeye anakata, Madamu anapitisha njiti. Baadaye Papa Aline alipelekwa hospitali asubuhi moja amelala kiti cha nyuma, gari linakwenda polepole. Hiyo ndiyo mara pekee nilipomwona Madamu akiendesha polepole.

Kwenye chumba cha upasuaji walimlaza kwa dawa, na Madamu akamwomba mpasuaji, kabla ya kukata, aguse mpigo wa damu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Mpasuaji akagusa, akasema upo. Madamu akauliza, upo kiasi gani? Mpasuaji akamwambia, upo, nipe kola. Kisa hiki mpasuaji mwenyewe alikisimulia kwa kicheko, kama mfano wa usumbufu wa Madamu, na sote tulicheka.

Matokeo niliyajua kwa uzio. Taulo halikuanikwa. Siku zilipita nikilitafuta kwa macho kila asubuhi, nalo halikurudi. Kisha nikamsikia Papa Aline akiimba, vibaya, akinyoa ndevu. Siku moja Madamu alizima kisanduku ili ajue kama ni kola kweli au ni mkono tu umechoka kuuma. Chai ilikuwa haijapoa mzee alipoomba ndoo. Akakiwasha tena, na hakukizima tena.

Nilihama Gihosha. Nilipata nyumba Kanyosha, na kwa jinsi hali ilivyokuwa, mtu wa kusini mwa mji na mtu wa kaskazini waliweza kukaa muda mrefu bila kuonana. Nilirudi kuwatembelea wakati vita vilikuwa vinaelekea mwisho. Ilikuwa mchana wa Jumapili. Msumari ulikuwa bado mlangoni, hauna kitu. Papa Aline alinyanyuka kunilaki, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na mimi, kwa kumbukumbu ya shuka, nilijikuta navuta wangu. Akauzuia.

"Shika, jirani. Mupangaji amekuwa na adabu."

Tuliongea habari za watoto na za mtaa. Kisha Madamu aliniambia nifumbe macho. Nilidhani ni zawadi. Akavichukua vidole vyangu na kuviweka kwenye vifundo viwili vya mikono, kimoja kila upande, vyote vya mume wake, ambaye alikaa mbele yangu akipumua kwa subira ya mtu aliyefanyiwa hivyo mara nyingi. Labda alikuwa ameipishanisha mikono yake, labda hakuipishanisha, sikuweza kujua.

"Usifikiri," alisema Madamu. "Niambie tu. Upi mudogo?"

Mishipa yote miwili ilipiga pamoja. Mmoja ulikuwa kama mtu anayebisha mlango kwa kifundo cha kidole. Mwingine kama anayebisha kwa ncha. Nikasema huu. Nikafumbua macho. Ulikuwa mkono wa kushoto.

Nilimuuliza wageni wengine husema nini. Alisema kila mgeni anayemwamini hufumbishwa macho, na wengi husema kama mimi, wachache husema ni sawa. Na mwaka uliopita? Walisema hivyo hivyo, nafikiri, alijibu. Vidole vya watu si mizani.

"Basi kola inaziba," nilisema.

"Ao risasi. Ilipita karibu sana na mshipa. Huenda ulikuwa mudogo tangu siku ile."

"Kabla ya kola ulikuwaje?"

Alinitazama, si kwa hasira.

"Nani alimugusa, jirani?"

Nikatafuta kichwani. Mimi nilikuwa nimegusa shuka. Watoto walikalishwa upande wa kulia kama wageni. Yeye mwenyewe, aliyepima mishipa ya nusu ya ng'ombe wa Buyenzi, hakuwahi kukishika kifundo kile hata mara moja, kwa sababu mwenye kifundo asingestahimili. Vilivyobaki ni vidole vya mpasuaji, na vilikigusa mtu akiwa amelala kwa dawa, dawa ambayo, Madamu alinieleza, hulegeza mishipa yote ya mwili na kuifanya ionekane mikubwa.

Mashine ya kutazama ndani ya mshipa bila kuufungua iliharibika wakati wa vita, na mtu wa kuitengeneza alikuwa bado hajaja. Kuitoa kola ni kuufungua mkono upya, karibu na mshipa ambao sasa umeshikamana nayo. Kuizima ni ndoo.

"Mi nalala," alisema Papa Aline, kama anayejibu swali aliloulizwa sana. "Ukubwa, udogo, mi sijui. Nalala." Akachukua chupa kwa mkono wa kushoto, akanimiminia bia hadi juu, bila kumwaga.

Madamu alianza kuniuliza habari za Kanyosha, kama maji yanafika, kama barabara iko wazi siku zote au asubuhi tu. Nilimjibu. Wakati wote huo mkono wa mume wake ulikuwa mezani kati yetu, na vidole viwili vya Madamu vilikuwa juu ya kifundo, vimetulia, vikisikiliza. Nilipoaga vilikuwa bado pale.